Umoja na Wingi wa Kifungo

Ujumbe ulimkuta Nukta saa saba mchana, kijiko kikiwa njiani kuelekea kinywani, na ulimkera hata akakirudisha bakulini. Ulisema: "Nataka vifungo sita vya koti la mama yangu, rangi ya chai ya maziwa, matundu manne. Kimoja kikizidi ukubwa kidogo si neno." Basi. Hakuna salamu, hakuna bei. Akaufuta kama alivyozifuta zote zilizoutangulia.

"Watu hawasomi," alimwambia mwenzake wa meza ya pili. "Nimeandika kabisa kwamba jina linauzwa. Jina! Wao wananiletea habari za makoti."

Mwenzake akacheka, maana kumsikia Nukta akilalamika kwamba watu hawasomi kulikuwa sehemu ya chakula cha mchana. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mwaka wa kumi na moja sasa, na jina hilo la Nukta alibandikwa na mafundi wa mitambo siku alipowasimamishia kazi, kalenda elfu tano zikisubiri, kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana kwenye ukurasa wa Desemba. Siku ile walimtukana. Baadaye walimzoea, na jina likaganda.

Biashara yake ya pembeni aliianzia hapohapo kiwandani. Muuza saruji mmoja alikuja kuchapisha matangazo akiwa amefura kwa hasira. Alitaka kufungua tovuti, akakuta neno alilolitaka limekwisha kusajiliwa na mtu asiyemjua, na mtu huyo anataka fedha za kununulia gari ndipo aliachie. "Amekalia neno!" alifoka muuza saruji. "Neno tu!" Wengine walimwonea huruma. Nukta yeye masikio yalimsimama. Kumbe neno linaweza kumilikiwa kama kiwanja, ukalilipia ada ndogo kila mwaka na kumsubiri anayelihitaji. Mchana uleule alisajili neno lake la kwanza.

Mwaka wa nne ulimkuta na maneno thelathini na manne. Majina ya watu na ya kampuni zao hakuyagusa, kwa kuwa huo aliuita wizi. Alichukua maneno ya nyumbani na ya sokoni: sindano, mapazia, ndoo, kitasa na vitasa, ufunguo na funguo. Neno lenye umoja na wingi alilisajili pande zote mbili, kwa sababu msahihishaji haachi kazi nusu. Mapazia na ndoo alikwisha kuyauza, na hayo mawili ndiyo yaliyobeba ada za wenzao. Kila lililobaki aliliwekea ukurasa mmoja wenye sentensi mbili: "Jina hili linauzwa. Andika hapa unachotaka."

Wewe unayesoma umekwisha kuona kosa lilipo. Yeye, aliyesimamisha mitambo kwa nukta moja, hakuliona kwa miaka minne.

Kaka yake hakuona kosa bali wazimu. Alikuwa fundi bomba, mtu wa vitu vinavyoshikika, na kila ndugu walipokutana alianzisha: "Mwenzetu huyu ananunua hewa. Na mwakani anainunua tena hewa ileile."

Lakini wa kushangaza zaidi alikuwa mama yao. Nukta alipolisajili jina la vifungo, alilitoa kwenye orodha ya maneno yanayotafutwa sana mtandaoni, bila kumfikiria mama yake hata kidogo. Na mama yake, tangu wao wadogo, alikuwa akiuza vifungo. Vifungo tu. Hata jina la mtaani lilikuwa Mama Vifungo. Alipoambiwa habari ya usajili, mama aliweka miwani chini.

"Umenunua vifungo vingapi?"

"Sijanunua vifungo, mama. Nimenunua neno."

Mama akaivaa tena miwani. "Ungeniuliza, mwanangu, ningekupa bure."

Duka la mama lilikuwa chumba chembamba kati ya mshona viatu na mtengeneza saa, chembamba hivi kwamba wateja wawili walilazimika kukubaliana nani atoke kwanza. Ukuta mzima ulikuwa makopo ya maziwa ya unga, mia mbili na kumi na mawili, kila moja na kifungo kimoja cha mfano kilichofungwa kwa uzi juu ya mfuniko. Na kila kopo lilikuwa na jina. Usidhani ni jina la rangi au la ukubwa. Mama alilipa kopo jina la mtu wa kwanza kununua kutoka humo. Kulikuwa na Kopo la Mwalimu Mkuu, Kopo la Daktari wa Meno, Kopo la Bibi Harusi wa Pili, Kopo la Yule Aliyelia. Hakuna palipoandikwa. Majina yote yalikaa kichwani mwa mama, na mteja alipoingia na shati mkononi, mama alipapasa kifungo kwa kidole gumba, akahesabu matundu, akasema, "Wewe ni wa Mwalimu Mkuu," kisha mkono ukaenda wenyewe.

Kopo moja tu, rafu ya chini kabisa, halikuwa na jina. Humo mlikuwa na vifungo vya kijani, vikubwa, vyenye ukingo ulioinuka kama kisahani. Mama alivinunua siku kiwanda kimoja cha nguo kilipofungwa, na katika miaka kumi na mitano hakutokea hata mtu mmoja wa kuvitaka. Kaka akikitazama kile cha mfano alicheka mpaka akashika mbavu. Mama alimjibu neno moja kila mara: "Bado."

Mwezi ule mwenye jengo aliwaita wapangaji wote, akawaambia jengo litabomolewa na mwisho wa mwezi vyumba viwe vitupu. Mshona viatu alikwisha kupata pa kwenda. Mtengeneza saa aliamua kustaafu. Mama alirudi dukani, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Kaka hakuchelewa. Ndani ya siku tatu alikuwa amepata mnunuzi wa plastiki kuukuu, mtu anayenunua kwa kilo.

"Mama apumzike," alisema. "Amefanya kazi ya kutosha."

"Nipumzike na nini?" mama akauliza.

"Vitakwenda wapi?" Nukta naye akauliza.

"Vinayeyushwa. Vinakuwa mabeseni."

Nukta aliona kidole gumba cha mama kikisugua hewa, taratibu, kama kinachotafuta tundu. Akaogopa, na si woga mdogo. Mwaka uliopita mama aliugua, akakaa nyumbani wiki mbili, na katika wiki hizo mbili alikunja taulo zilezile kila asubuhi na kuuliza leo siku gani. Aliporudi dukani akawa mzima saa ileile. Mabeseni yakipatikana, mama atapotea. Nukta alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na hakuwa na la kufanya.

Ndipo ukaja ujumbe wa aina nyingine: "Mimi ni wakili. Nahitaji kununua jina hili la vifungo. Niambie bei."

Nukta nusura aanguke na kiti chake. Walizungumza kwa simu siku hiyohiyo. Wakili alikuwa akiwasaidia ndugu wa wafungwa: namna ya kukata rufaa, siku za kutembelea, barua zinavyoandikwa. Kifungo kwake kilikuwa cha gerezani, na alitaka watu wamkute kirahisi. Bei aliyoitaja ingempangishia mama chumba kipya cha duka kwa mwaka mzima. Kaka alipoambiwa alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu hewa ianze kununuliwa.

"Uza," alisema hatimaye. "Uza leo."

"Jumatatu," Nukta akasema. Alitaka kwanza amwonyeshe wakili ni watu wangapi hulipitia jina lile, bei ichangamke kidogo. Akafungua sanduku la ujumbe uliofutwa. Zote zilikuwa humo, mia tatu na kumi na nane. Alikusudia kuzihesabu tu.

Lakini mtu wa kazi yake hawezi kuhesabu maneno bila kuyasoma. "Ndugu yangu amepewa kifungo cha miaka mitatu, naruhusiwa kumpelekea sabuni?" Huyo alikuwa wa wakili. "Natafuta kifungo cha mfupa, cha shati la marehemu baba, mafundi wote wameniambia nibadilishe vyote." Akaendelea. "Cha dhahabu chenye nanga, kimemezwa na mtoto, mtoto hajambo." "Vinane vya gauni la bluu, harusi ni mwezi ujao, nitalipa chochote." Kadiri alivyosoma ndivyo uso ulivyozidi kupata moto. Aliwaambia waandike wanachotaka. Wakaandika wanachotaka. Kumbe walisoma vizuri kabisa, na asiyejua kusoma alikuwa yeye.

Aliona haya, tena haya ya kweli, ya mtu aliyekuwa akiwafungia watu mlango usoni huku akiwacheka.

Jumamosi asubuhi alikwenda dukani na rundo la karatasi za kiwandani, zile za kusahihishia, akiwa amechapa ujumbe wote wa nguo. Mama alikuwa tayari ameanza kushusha makopo ya rafu ya juu.

"Shikamoo, mama. Acha hayo kwanza. Soma hii."

"Marahaba. Nani ameniandikia?"

"Hawakukuandikia wewe. Waliniandikia mimi, na mimi nikawatupa."

Mama alivaa miwani. Alikuwa msomaji wa polepole, midomo ikitangulia macho. Alimaliza karatasi ya kwanza, akanyanyuka, akatoa kopo, akafungua, akaweka kifungo juu ya ile karatasi. "Chai ya maziwa, matundu manne. Mwalimu Mkuu." Akachukua ya pili. "Huyu wa mfupa... huyu asibadilishe vyote, wamemdanganya. Yupo kwa Daktari wa Meno." Ya tatu ilimchekesha. "Mtoto hajambo! Mungu ni mwema. Lete nanga hapo chini ya mkono wako."

Kufikia adhuhuri meza, kigoda na nusu ya sakafu vilikuwa vimefunikwa na karatasi, kila moja na kifungo chake juu. Palikuwa na vilivyokosekana pia, na kila kilichokosekana mama alikiombea radhi kwa sauti, kana kwamba mteja amesimama mlangoni. Nukta hakuwa amemwona mama yake amesimama wima vile kwa muda mrefu.

Hapo kaka akaingia na magunia.

"Jumatatu mtu wa plastiki analeta gari," alisema, kisha akatazama sakafu. "Hii nini tena?"

Nukta akamweleza. Jina lisiuzwe. Lifanywe duka. Mama asihitaji chumba cha barabarani, bali rafu tu na mtu wa kupiga picha.

"Umerogwa?" kaka akafoka. "Mtu anakupa kodi ya mwaka mzima mkononi, wewe unataka hewa!"

"Kodi ya mwaka mmoja, halafu? Akienda mtaa mwingine, nani anamjua huko? Hawa wanamtafuta. Wamemtafuta miaka!"

"Hawamtafuti mama. Wanatafuta vifungo."

"Na mimi ni nani?" mama akauliza.

Kaka akaweka magunia chini.

"Hawa wameniomba," mama aliendelea, akionyesha sakafu. "Mtu akikuomba kifungo humpi beseni. Wewe rudisha magunia ulikoyatoa, na wewe," akamgeukia Nukta, "kamwambie huyo wakili hatuuzi."

Kusema ni rahisi. Jumatatu Nukta alipanda ngazi za ofisi ya wakili akiwa na kauli ya mama tumboni na bei ya wakili kichwani, na vitu hivyo viwili havikuelewana. Wakili alikuwa mtu mwembamba, meza yake imejaa mafaili yaliyofungwa kwa utepe wa waridi. Alimkaribisha vizuri, akamwandalia karatasi za mauziano, akampa kalamu. Nukta akazisoma karatasi, maana hajui kuacha, na kwenye mstari wa tatu akakuta maneno "vifungo vya wateja wetu." Mkono ukaenda wenyewe, ukakata, ukaandika juu yake.

"Samahani," alisema, akitaka ardhi ipasuke. "Ni mazoea."

"Umesahihisha nini?" wakili akauliza.

"Mteja wako mmoja ana vifungo vingapi?"

"Kimoja, kwa kawaida. Kifungo cha miaka miwili, kifungo cha maisha..." Wakili akasita.

"Na mama yake akienda kukutafuta mtandaoni, ataandika nini?"

Wakili akaegemea kiti. "Kifungo," alisema taratibu.

"Ninalo hilo pia. Nililisajili siku ileile." Nukta akairudisha kalamu mezani. "Vifungo hakuna anayefungwa. Vifungo ni vya makoti. Wewe chukua umoja, mimi niachie wingi."

Wakili alicheka hadi karani wake akachungulia kuona kuna nini. Alilipa pungufu kidogo ya bei ya kwanza, na Nukta alishuka ngazi mbilimbili kama msichana wa shule, akijiona hodari kuliko mawakili wote wa mji.

Makopo yakahamia sebuleni kwa Nukta. Kaka alikuja na mabaki ya mabomba, uso ameukunja, akaunda rafu za ukuta mzima ambazo hata tetemeko lisingezitikisa. Hakusema pole wala hongera. Aliuliza tu kama mama anafikia ile ya juu, na alipoambiwa hafikii, akaishusha.

Kazi ya kuandika duka iliwagombanisha mama na binti wiki nzima. Nukta alitaka "kahawia hafifu, milimita ishirini." Mama alitaka Mwalimu Mkuu.

"Mama, mteja wa mbali hamjui Mwalimu Mkuu."

"Na milimita anaijua? Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, wa suti moja. Ukimjua yeye, kifungo umekijua."

Mama akashinda. Kila picha ikawekwa na rula pembeni kwa ajili ya Nukta, na chini yake jina la kopo na habari zake mistari miwili kwa ajili ya mama. Kopo la kijani nalo lilipigwa picha. Mahali pa jina Nukta aliandika "Bado," kwa sababu ndivyo alivyojibiwa.

Kisha akawaandikia wote aliowatupa, akaomba radhi, akasema vifungo vipo. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu kwamba koti walishaligawa, shati lilishakuwa dekio. Yule wa gauni la bluu alisema harusi ilishapita, ndoa nayo iko njiani kupita, ila atavichukua vinane hivyohivyo. Arobaini na watatu walinunua. Mama alivifunga kimojakimoja kwenye bahasha ndogo, na kila bahasha aliipiga kofi dogo la kuiaga.

Baada ya hao, kimya. Oda mbili wiki nzima. Wiki iliyofuata, moja. Nukta alifungua duka lake kila baada ya dakika kumi kama mtu anayefungua mlango wa friji akitumaini chakula kimeingia chenyewe. Mama akaanza kufuta rafu zilizokuwa safi. Asubuhi moja akauliza leo siku gani, na Nukta akazikumbuka zile taulo.

"Alhamisi, mama."

"Najua. Nakuuliza kama wewe unajua. Umevaa blauzi nje ndani."

Siku hiyohiyo simu ikalia kazini. Alikuwa karani wa wakili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu.

"Dada, njoo uwachukue watu wako!"

"Watu gani?"

"Wa vifungo! Wamenijaa! Leo peke yake kumi na wawili. Mmoja ananiambia cha shati, mkono wa kushoto. Nimemjibu kwamba anayo haki ya rufaa."

Nukta akajipiga kofi la paji la uso, mafundi wa mitambo wakageuka. Loo! Anayetafuta vifungo ni fundi, na fundi ana pake pa kununua dazeni. Mtu wa kawaida hupoteza kimoja. Kimoja tu, mara zote, na akikaa kukitafuta anaandika umoja. Umoja ambao yeye Nukta, bingwa wa sarufi, aliuuza akishuka ngazi mbilimbili.

"Na kwangu," alisema kwa unyonge, "kuna mama mmoja anauliza siku za kutembelea."

"Mlete. Nitakuletea wako."

Ikawa hivyo. Wakili, aliyecheka tena, alikubali maneno machache yakae juu kabisa ya ukurasa wake, na Nukta akaweka yake juu ya duka. Safari hii alizitafuta sentensi hizo siku tatu, akampa mwenzake wa meza ya pili azisome, akampa kaka, akampa mama. Kwa wakili iliandikwa: "Kifungo cha nguo yako kimepotea? Pita huku." Kwake: "Ndugu yako amefungwa? Pita huku." Watu wakaanza kupita. Oda zikawa tano kwa siku, kisha tisa, na mara nyingi kila oda ilikuwa ya kifungo kimoja ambacho duka jingine lolote lingeona kichekesho kukiuza. Mama aliacha kufuta rafu. Hakuwa na nafasi.

Waliokuwa na haraka bado waliandika walipofikia, na karani na Nukta waliwabadilishana kila asubuhi. Jumanne moja karani alileta huu: "Naomba msaada wa kifungo cha mume wangu. Anatoka Ijumaa."

Nukta akaurudisha. Huu ni wenu, aliandika. Baada ya saa moja ukarudi tena, na safari hii ulikuwa mrefu. Karani alikuwa amemjibu yule mama kwamba kama mumewe anatoka Ijumaa basi hakuna la kukatia rufaa, na yule mama akajibu:

"Sihitaji wakili. Koti alilokuwa nalo siku aliyochukuliwa nimelitunza miaka sita. Kifungo cha mbele kilikatika siku ileile, wakimvuta. Nimezunguka maduka yote. Nataka atoke amelifunga."

Palikuwa na picha. Nukta aliitazama, akampelekea mama sebuleni.

Mama alisoma, midomo ikitangulia. Akasogeza picha karibu na miwani. Vifungo vya kijani, vikubwa, vyenye ukingo kama kisahani. Vitatu vilikuwepo, na palipokuwa na cha nne palibaki nyuzi tu.

Mama hakusema "Bado." Alipiga magoti mbele ya rafu ya chini, akatoa kopo, na mfuniko, uliokaa miaka kumi na mitano bila kufunguliwa, ukamshinda. Kaka, aliyekuja kurekebisha bomba la jikoni, akaja akaufungua kwa bisibisi. Alikiona kifungo, akaiona picha, akausoma ujumbe. Hakucheka.

"Huyu anakaa wapi?" akauliza.

Ulikuwa mji wa jirani, mwendo wa saa mbili.

"Kwa posta hakifiki Ijumaa," kaka akasema. "Nitakipeleka mimi kesho."

Mama alitia vifungo viwili kwenye bahasha, kimoja cha koti na kimoja cha akiba, pamoja na uzi wa kijani aliouchagua dirishani kwenye mwanga. Akaipiga bahasha kofi lake. Kisha akaomba kalamu, ile nene ya wino mweusi, na Nukta akashangaa, kwa kuwa hakuwahi kumwona akiandika juu ya kopo. Mama aliandika herufi mojamoja, ulimi umejitokeza pembeni ya mdomo, akalirudisha kopo kwenye rafu. Si ile ya chini. Aliliweka usawa wa macho.

KOPO LA IJUMA.

Nukta akalisoma mara mbili, kama desturi yake. Ijumaa ina a mbili mwishoni. Kalamu ilikuwa bado mezani, haina kifuniko.

Akakaa, akafungua duka, akatafuta picha ya vifungo vya kijani, akafuta neno "Bado." Mahali pake akaandika jina la kopo vilevile mama alivyoliandika, akaifunga kalamu, akaenda kuchemsha chai ya watatu.